Mti wa Mwavuli na Utunzaji Wake Nyumbani

Katika kurasa hizi yafaa tusome juu ya kahawa, migomba na mihogo, maana hiyo ndiyo ituleayo. Leo naomba nafasi niandike juu ya mti usioliwa na ambao hatuupandi kwa kuni wala mbao. Ni mti wa mwavuli, ule wenye majani ya kumetameta uwekwao katika vyungu barazani na katika vyumba vya kupokea wageni.

Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu hununua mche mzuri, nao baada ya miezi michache huwafia, wala hawajui umekufa kwa nini. Pili, mimi mwenyewe nilikaribia kuua mmoja, tena haukuwa wangu. Nitaanza na habari hiyo, kisha nitaleta somo lenyewe.

HABARI YA MTI WA BIBI

Bibi yangu alikuwa na nyumba Nyakabiga, upande wa mto Ntahangwa. Wenyeji wa Bujumbura wanajua jinsi mto huo unavyokula kingo zake wakati wa mvua kubwa. Mwaka mmoja ukingo ulimeguka usiku. Jiko na choo vikaenda na maji, na ukuta wa nyumba ukapata ufa ambao ngumi yangu iliweza kuingia. Tukahama upesi, tukapanga nyumba ndani zaidi ya mtaa. Bibi hakuweza kuuchukua mwembe wake. Alichukua kitanda, vyombo, picha ya babu, na chungu kimoja chenye mti wa mwavuli kilichokuwa barazani.

Likizo iliyofuata alisafiri kwenda kwa shangazi, Gitega, kwa majuma matano. Siku ya kuondoka alinikabidhi mti ule akaniambia, "Mjukuu wangu, huu ndio ua wangu uliobaki. Utunze."

Nami nikautunza kama nilivyoelewa neno hilo. Asubuhi kopo la maji, jioni kopo la maji. Nikauingiza chumbani, katika kona nyuma ya mlango, jua lisiuchome na watoto wasiuvunje. Juma la pili majani ya chini yakageuka njano. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Juma la tatu yakaanza kuanguka, mengine yana mabaka meusi, na udongo ukatoa harufu ya kinamasi.

Hapo nikaogopa, nikamwita mzee mmoja jirani yetu ambaye huuza miche kando ya barabara. Hakuyatazama majani kwanza. Alitia kidole udongoni, akakinusa, akasema, "Kijana, mti huu hauna kiu, unazama. Bibi yako ameukimbia mto, nawe umemletea mto chunguni."

Tuliutoa mti chunguni. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, laini, ikichunika kwa vidole. Tukaikata yote iliyooza, tukaacha ile myeupe iliyo imara, tukapanda mti katika udongo mpya na kuurudisha barazani. Bibi aliporudi aliukuta na majani manne. Nilimweleza ukweli. Hakunigombeza, ila aliniuliza, "Ulikuwa ukiutazama, au ulikuwa ukiunywesha tu?" Sikuwa na jibu. Somo lifuatalo ni jibu nililolipata baadaye.

1. MTI WENYEWE

Jina la mwavuli limetokana na umbo la jani. Kikonyo kimoja kirefu hubeba vijani vingi vilivyotandazwa kwa duara, kama vijiti vya mwavuli uliofunguliwa. Mtu asiyejua huhesabu kila kijani kuwa jani zima, lakini vyote pamoja ni jani moja, na likianguka huanguka pamoja na kikonyo chake.

Yako miti miwili iitwayo hivyo katika vyungu vyetu. Wa kwanza ni mkubwa. Kwao ni kaskazini ya Australia na kisiwa cha Guinea Mpya. Huko hufikia mita 15, na jani la mti uliokomaa laweza kuwa na vijani 7 hadi 16. Wa pili ni mdogo, kwao ni visiwa vya Taiwan na Hainan, na vijani vyake ni vifupi. Huu mdogo ndio ufaao zaidi nyumbani, nao una aina nyingine yenye madoa ya manjano. Katika vitabu vingi miti hii huitwa Schefflera, kwa heshima ya mtaalamu wa mimea wa Danzig aliyeitwa Scheffler. Tangu mwaka 2020 wataalamu wameihamishia katika kundi la Heptapleurum, kwa hiyo msishangae mkikuta majina mawili.

Wanaosoma kwa Kifaransa wasiuchanganye na ule uitwao parasolier katika misitu ya Kongo. Huo ni Musanga, mti wa ukoo mwingine kabisa. Jamaa wa kweli wa mti wetu ni umwungo, ambao wenzetu wa milimani wanaufahamu sana, wenye shina lililonyooka na mbao nyepesi. Umwungo na mti wa mwavuli ni wa ukoo mmoja, uitwao Araliaceae.

2. MAHALI PA KUUWEKA

Katika msitu wa kwao, mti huu mara nyingi huanza maisha yake juu ya mti mwingine. Mbegu huanguka katika panda ya tawi, huota hapo, na mizizi huteremka polepole. Tufikiri maana yake. Mche ulioota pandani hupata mwanga mwingi uliochujwa na majani ya wenzake. Hupata mvua nyingi, lakini maji hayakai, hupita. Mtu akikumbuka hali hiyo amekwisha kujua nusu ya utunzaji.

Basi, yafaa uwekwe mahali penye mwanga mwingi bila jua kali la mchana. Baraza inayotazama mashariki ni nzuri, maana jua la asubuhi ni pole. Ndani ya nyumba, uwekwe karibu na dirisha. Kipimo chepesi ni hiki: keti mahali unapotaka kuuweka, saa sita mchana, ufungue kitabu. Ukiweza kusoma bila kukaza macho wala kuwasha taa, mti waweza kukaa hapo. Nyuma ya mlango, kama nilivyofanya mimi, hapana.

Kila juma ugeuze chungu robo ya duara, la sivyo mti utainamia upande wa mwanga. Tena usiutoe gizani na kuuweka juani siku moja, majani yataungua. Uzoeshe kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili.

Juu ya joto, sisi wa Bujumbura hatuna shida. Tuko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita zipatazo 770 juu ya bahari, na mti huu hupenda joto kama letu. Wenzetu wa Mugamba, penye milima ipitayo mita 2000, waulaze ndani wakati wa usiku wa baridi. Na kaka zetu mlio Ubelgiji au Kanada, jihadharini: baridi ikishuka chini ya nyuzi 13 mti huanza kuangusha majani. Msiuweke karibu na kioo cha baridi, wala karibu na chombo cha kupashia nyumba joto, maana hewa yake ni kavu mno.

3. CHUNGU NA UDONGO

Chungu cha udongo, ndoo kuukuu au kopo la rangi lililosafishwa vizuri, vyote vyafaa. Sharti ni moja tu, kiwe na matundu chini. Chombo kisicho na tundu ni kisima. Wengine huweka kokoto chini ya chombo kisicho na tundu wakidhani zitasaidia. Hazisaidii, maana maji hubaki palepale, na mizizi huyafikia.

Udongo wa bustani mtupu hushikamana chunguni ukawa kama tofali. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya mchanga mnene, na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Ukiufinyanga mkononi ukiwa na unyevu kidogo, uwe donge, kisha ukiligusa kwa kidole livunjike. Usipovunjika, ongeza mchanga.

Baada ya miaka miwili hivi, mizizi ikianza kutokea tunduni, uhamishe katika chungu kikubwa kidogo, kipana kuliko cha kwanza kwa vidole viwili au vitatu, si zaidi. Chungu kikubwa mno hushika maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza.

4. MAJI

Sehemu hii naomba isomwe mara mbili.

Mizizi hupumua. Kati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo. Nyingine huwa na maji na nyingine huwa na hewa. Tukimwaga maji kila siku, nafasi zote hujaa na hewa hufukuzwa. Mizizi hukosa oksijeni, hufa, kisha kuvu huiozesha. Na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji. Kwa hiyo mti uliozama huonyesha dalili za kiu: majani hulegea, hugeuka njano na kuanguka, hali umesimama katika maji. Mwenye mti huona kiu, huongeza maji, na hivyo huumalizia. Hilo ndilo kosa langu, nami naona ndilo kosa la wengi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha maji chunguni ni kaburi la mizizi.

Sasa, njia iliyo sahihi. Tia kidole udongoni sentimita 3 hadi 5. Kikitoka na unyevu, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki katika kisahani. Usirudie mpaka kidole kikuambie. Baada ya muda utaweza hata kuinua chungu na kujua kwa uzito wake.

Wengi wataniuliza, "Ni mara ngapi kwa juma?" Swali hilo halina jibu moja. Mti huvuta maji kwa kadiri ya mwanga na joto linaloupata. Ulio barazani mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi chetu na upepo mkavu, hunywa mara kwa mara. Ulio ndani mwezi wa Aprili, mawingu yametanda na hewa ina unyevu, hunywa kidogo sana. Kalenda haijui mambo hayo; kidole kinayajua.

Hizi ni dalili za kukariri:

Majani ya njano yanaanguka, na udongo umelowa: maji ni mengi.

Majani yamelegea, kingo zimekauka, udongo mkavu na chungu chepesi: una kiu kweli.

Shina refu jembamba, na majani yako mbalimbali: mwanga ni haba.

Mabaka makavu upande mmoja tu, ule unaotazama nje: jua limeuchoma.

Angalieni kwamba dalili mbili za kwanza hufanana kwa macho. Hutofautiana udongoni tu. Ndiyo maana yule mzee hakuanza na majani.

5. CHAKULA, VUMBI NA KUKATA

Mti wa chunguni hauhitaji chakula kingi. Konzi moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, ikitandazwa juu ya udongo kila baada ya miezi mitatu wakati mti unakua, yatosha. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mti mgonjwa usipewe mbolea kamwe mpaka utoe majani mapya.

Wakati wa kiangazi vumbi la Nyakabiga hukaa juu ya kila kitu. Likikaa juu ya majani hupunguza mwanga uingiao. Futa kila jani kwa kitambaa chenye maji, huku ukilishikilia kwa mkono mwingine chini yake. Wako wanaopaka mafuta ya kupikia ili majani yang'ae. Ni vibaya, maana mafuta hushika vumbi na kuziba vinyweleo ambavyo jani hupumulia.

Mti ukirefuka sana bila matawi, kata ncha juu kidogo ya mahali jani linapotokea, kwa kisu kikali na safi. Machipukizi yatatoka chini ya pale ulipokata. Samaki mkunje angali mbichi. Anza mti ungali mdogo.

6. WADUDU

Wako aina mbili wa kuangaliwa. Wa kwanza ni wale wenye gamba la kahawia, ambao hujibandika chini ya jani na kwenye kikonyo kama vipele. Hawatembei, kwa hiyo wengi hudhani ni sehemu ya mti. Alama yao ni utomvu wa kunata juu ya majani, na sisimizi wanaopanda kuufuata. Wa pili ni utitiri, wadogo mno, wanaofuma utando mwembamba wakati wa ukavu.

Dawa ni ileile. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, jaribu kwanza juu ya jani moja, na kesho yake, likiwa salama, futa majani yote juu na chini. Wenye gamba uwakwangue kwa ukucha au mswaki mzee. Baadaye suuza kwa maji safi. Rudia kila juma mpaka waishe, maana mayai hubaki.

7. KUPATA MICHE MIPYA

Mti mdogo hukubali kuoteshwa kwa vipande vya tawi. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, uondoe majani ya chini, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu. Kifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, uweke kivulini penye mwanga. Mizizi huchukua majuma kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6. Usikichomoe kila siku kutazama! Kikianza kutoa jani jipya, ujue kimeshika.

8. MAMBO YA KUJIHADHARI

Utomvu na majani ya mti huu yana chembe kali za kalisi okzaleti. Mtoto akitafuna jani, midomo na ulimi huwaka na kuvimba. Mbwa na paka hudhurika vilevile. Kwa hiyo uwekwe mahali ambapo mtoto atambaaye hafiki, na mwenye kukata anawe mikono kabla ya kugusa macho.

Tena, msiupande ule mkubwa karibu na ukuta au bomba la maji. Chunguni ni mpole, lakini ardhini mizizi yake hutafuta maji kwa nguvu. Msiutupe ukingoni mwa mto pia. Katika jimbo la Florida na visiwa vya Hawaii, huko Marekani, mti huu ulitoka bustanini ukaingia mwituni, kwa kuwa ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na leo huko huhesabiwa kuwa mmea msumbufu. Nilikuwa nimefikiri kuupanda kule Ntahangwa ili mizizi ishike ukingo. Yule mzee alinikataza. Alisema ukingo una miti na majani yake, kama mianzi na vetiva, na hata hiyo huhitaji kazi ya watu wengi.

Mwisho, wako wasemao mti huu husafisha hewa ya nyumba. Maneno hayo yalienea baada ya majaribio ya Marekani ya mwaka 1989, yaliyofanywa na mimea ya nyumbani ndani ya masanduku yaliyofungwa. Mwaka 2019 wataalamu wengine walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo, wakaona kwamba katika nyumba ya kawaida mtu angehitaji mimea mingi mno kupata faida ya kufungua dirisha. Basi tufungue madirisha, na mti tuupende kwa uzuri wake.

JARIBIO

Chukua miche miwili iliyo sawa, katika makopo mawili yaliyo sawa, na udongo uleule. Uiweke pamoja dirishani. Mmoja umwagilie kila siku. Mwingine umwagilie kwa kipimo cha kidole. Andika katika daftari, kila Jumamosi, hesabu ya majani na rangi yake. Baada ya majuma sita itoe yote miwili, utazame mizizi. Mwenye kufanya jaribio hili hatasahau.

MASWALI

1. Kwa nini mti uliozama huonyesha dalili za kiu?

2. Utatofautishaje mti wenye kiu na mti uliozama?

3. Mti wa ndani na mti wa barazani, upi hunywa zaidi, na kwa nini?

4. Chungu kikubwa mno chaweza kuudhuru mti mdogo kwa njia gani?

5. Taja hatari mbili za mti huu, na kinga ya kila moja.

Nimalizie na mti wa bibi. Majuma saba baada ya kuupanda upya ulikaa vilevile na majani yake manne, hata nikakata tamaa. Juma la nane ncha ilifunguka, kikatoka kijani kidogo kilichokunjamana kama mwavuli uliofungwa. Leo una matawi matatu, na vipande vyake viwili viko katika makopo dirishani mwa darasa letu. Asubuhi bibi hutoka barazani, hutia kidole chunguni, na mara nyingi huingia ndani bila kumwaga hata tone. Zamani nilidhani anausahau mti wake. Sasa najua kwamba kila siku huwa amekwisha kuutazama.